Gesi imegunduliwa, mbona mtungi bado unatoka nje?

Bei ikipanda, kwenye duka lolote la mitungi hapa Moshi, iwe Majengo au Kiboriloni, lalamiko ni lile lile: gesi tunayo Mtwara, mbona tunauziwa kwa bei hii? Mtungi wako wa kilo 15 hauna gesi ya Mtwara. Una propani na butani, zinazoletwa nchini kwa meli. Gesi ya Mnazi Bay huko Mtwara, na ya Songosongo, kisiwa cha mkoani Lindi, karibu yote ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwa kubanwa peke yake. Lazima kwanza ipoozwe hadi chini ya nyuzi 82 hasi. Ndiyo maana haiingii kwenye mtungi wa jikoni.

Ila wanaolalamika huchanganya jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi: gesi iliyokwisha kuanza kutoka na ile iliyogunduliwa tu. Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha 2004. Miaka 30, na huko maji ni ya kina kifupi, visima vingine viko kisiwani kabisa. Bomba la inchi 12 linapita baharini kilometa 25 hadi bara, kisha la inchi 16 linakwenda Dar es Salaam. Huo ndio upande rahisi.

Upande mgumu ni Vitalu 1, 2 na 4, maeneo ya utafutaji gesi kwenye bahari ya kina kirefu. Ukisoma majina ya gesi iliyogunduliwa Kitalu 2 utadhani mtu anatumwa sokoni viungo vya pilau: Zafarani, Mdalasini, Tangawizi, Giligilani. Zafarani, iliyogunduliwa 2012, iko chini ya maji ya zaidi ya mita 2,500. Simama Moshi mjini, panda moja kwa moja mita hizo: utakuwa umeipita kambi ya Mandara kwenye Mlima Kilimanjaro na unaikaribia ya Horombo. Hayo ni maji tu, mwamba bado.

Utafutaji huanza na mitetemo. Meli huvuta bunduki za hewa zilizojazwa kwa shinikizo la paundi 2,000 hivi kwa inchi ya mraba, na nyuma yake nyaya kadhaa zenye vinasa sauti, kila waya kilometa 6 au zaidi. Bunduki hulipuka kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 2,500 mwangwi wa sakafu ya bahari peke yake huchukua sekunde 3 na ushei kurudi. Mkondo wa bahari ukizivuta nyaya pembeni, ramani hubaki na mapengo na meli hurudia mstari. Nyavu za wavuvi zikinasa, kazi husimama.

Kinachotafutwa ni mchanga uliogeuka mwamba, wenye matundu yanayopitana, na juu yake tope lililogandamana lisilopitisha kitu. Neno muhimu ni kupitana. Jiwe la volkano la huku kwetu lina matundu tele, ila mengi yamejifungia kila moja peke yake. Maji ya chemchemi yetu ya Chemka hupenya kwenye nyufa na tabaka zilizoungana, ndiyo maana yanafika. Gesi nayo huakisi mwangwi kwa nguvu, picha ikang'aa, na hapo wengi hudanganyika: gesi kidogo tu iliyochanganyika na maji hung'aa karibu sawa na iliyojaa. Kisima ndicho kitakachosema, nacho hugharimu makumi ya mamilioni ya dola hata kikitoka kitupu.

Meli ya kuchimba haitii nanga kwenye kina hicho. Hushikiliwa mahali pake na propela zinazoongozwa na kompyuta. Kwanza bomba pana la inchi 36 hivi huzamishwa kwenye tope la sakafu kwa msukumo wa maji. Linafuata la inchi 20, likashikizwa kwa saruji. Kisha hushushwa kizuia mlipuko, rundo la vali lenye uzito wa mamia ya tani, kikining'inia kwenye bomba linalounganishwa kipande kwa kipande. Kila kipande ni futi 75 hadi 90, kwa hiyo mita 2,500 hudai kama vipande mia moja.

Kuanzia hapo kila kitu ni uzito wa matope ya kuchimbia, yanayojaza kisima na kuizuia gesi kwa uzito wake. Yakiwa mepesi, gesi huingia kisimani. Yakiwa mazito, mwamba hupasuka na matope yakapotelea humo. Kwenye kina kirefu nafasi kati ya hatari hizo mbili ni finyu, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichoukandamiza mwamba ni maji, mepesi kuliko mawe. Dalili ya gesi kuingia haina fumbo: pampu za matope zimezimwa lakini kisima bado kinatiririka, na matope yanapanda kwenye matangi. Unafunga vali kwanza, mjadala baadaye. Gesi ikishapita juu ya vali hutanuka kadiri inavyopanda, na vali haziwezi tena kuizuia. Kwenye kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, Aprili 2010, saruji ilishindwa kuizuia gesi, kipimo cha shinikizo kikasomwa vibaya, na visu vya vali havikukifunga kisima. Watu 11 walikufa, na mafuta yalivuja siku 87.

Tuseme kisima kimefaulu. Ile trilioni 57 za futi za ujazo inayotajwa magazetini ni gesi iliyomo ardhini nchini kote, siyo itakayotoka. Sehemu yake hubaki humo. Na inayotoka hukutana sakafuni na maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Methani, unyevu na shinikizo vikikutana hufanya kitu kama barafu, hata kwenye nyuzi 15, kikaziba bomba kama uji ulioganda kwenye mrija. Dawa yake ni glaikoli, kimiminika kinachozuia kuganda: husukumwa kutoka nchi kavu hadi kisimani, hurudi na gesi, huchemshwa kutoa maji, hutumwa tena. Mabomba yenyewe lazima yapande mteremko wenye makorongo hadi Lindi, ambako imepangwa gesi ipoozwe hadi nyuzi 162 hasi, igeuke kimiminika na kupungua ujazo mara 600. Mtambo huo haujajengwa, na hakuna hata kisima kimoja cha kina kirefu kinachozalisha.

Ukijengwa, Moshi ingeweza kuletewa methani kwa malori. Haitakuwa kwenye mtungi uliopo jikoni. Huo hupimwa uimara kwa shinikizo la baa 30 hivi. Methani ya magari hujazwa kwa baa 200. Jiko nalo litataka pua yenye tundu kubwa zaidi.