Nilivyogeuza somo la grafu: kusoma kwanza, kuchora baadaye

Nafundisha Jiografia sekondari hapa Tanga mjini. Mada ya takwimu wanafunzi wanaipenda kwa sababu ya rula na rangi. Taabu huja swali likiwataka waeleze grafu inaonyesha nini. Hapo utaandikiwa kwamba Mei ina mvua nyingi na Februari ina mvua kidogo, basi. Nikaona nigeuze mpangilio: tusome kwanza, kuchora kutafuata.

Nilibandika ubaoni grafu mbili za mvua bila jina la mahali. Katika ya kwanza mihimili ilipanda sana Aprili na Mei, ikashuka, ikapanda tena kiasi Oktoba na Novemba. Ya pili ilikuwa na msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati ya mwaka hakuna kitu. Mtoto wa Tanga hafundishwi masika na vuli, kwa hiyo ya kwanza waliitambua papo hapo. Ya pili, ya Dodoma, ndiyo iliyozaa mjadala: kwa nini wenzetu wana msimu mmoja? Tukafika kwenye ukanda wa mvua unaolifuata jua, ambao huku kwetu hupita ukienda kusini na hupita tena ukirudi. Hayo yote kabla ya mtu kushika penseli.

Kilichotuchukua muda zaidi ni grafu ya duara. Niliwapa matokeo ya sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 kati ya Watanzania 44,928,923. Mwaka 2022 ukawa na 2,615,597 kati ya 61,741,120. Gawa idadi ya mkoa kwa ya taifa, zidisha kwa 360. Kipande cha Tanga kikatoka nyuzi 16 na kitu, kikawa nyuzi 15 na kitu. Darasa likagawanyika. "Mwalimu, watu wamehama?" Hawajapungua hata kidogo, wameongezeka zaidi ya laki tano. Ila mkoa umekua kwa asilimia 28 hivi, na nchi nzima kwa asilimia 37. Duara linaonyesha fungu, halionyeshi wingi, na anayelisahau hilo atatangaza kwamba mkoa unakimbiwa.

Ukitaka wingi nao uonekane, chora maduara mawili yasiyolingana. Nusukipenyo kifuate kipeuo cha pili cha jumla: kwa milioni 44.9 ni 6.7, kwa milioni 61.7 ni karibu 7.9. Tulitumia nusu ya namba hizo kwa sentimita ili maduara yaenee kwenye daftari. Wengine walitaka kuongeza nusukipenyo kwa asilimia ileile 37. Niliwaacha wachore, kisha tukapima eneo: duara la pili lilikaribia mara mbili ya la kwanza. Hawakuhitaji maelezo zaidi.

Grafu ya mstari sikuikalia sana. Nilisisitiza skeli ya miaka tu. Sensa zetu tangu uhuru ni za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ukiziachia nafasi sawa, ile miaka 14 kati ya 1988 na 2002 inabanwa kama kumi, na mstari unapanda ghafla kana kwamba kulitokea jambo. (Nimeuona mchoro wa namna hiyo hata kwenye makabrasha ya watu wazima.)

Tulimalizia na mkonge, maana Tanga bila mkonge haisomeki. Uzalishaji wa nchi ulifika takriban tani 230,000 mwaka 1964, kisha ukaporomoka kwa miongo mingi. Kila mtu aliona mstari unashuka. Sababu hawakuiona, kwa kuwa haimo kwenye mstari. Niliwatuma wakawaulize wazee nyumbani, kwani wapo ambao babu zao walikuja huku kama manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Walirudi na majibu yanayopingana: kamba za nailoni ziliua bei, mashamba yalitaifishwa, vibarua waliondoka. Tukayapanga yote pembeni ya grafu, kila jibu mkabala na miaka yake, na tukaanza kubishana lipi lilitangulia mteremko na lipi lilikuja baada yake.