Ile "sawa mwalimu" yangu

Jamani leo Jumamosi na ile ya Jumatatu bado haijanitoka. Wiki hii nimeshona sare kumi na mbili, dada kajifungua pacha salama huko Pangani, Baba Swaleh kauza mashine ya boti, yote yamepita tu, mimi nikikaa kwenye cherehani nasikia sauti moja.

Nilikuwa getini namsubiri Kidawa. Mwalimu wake, huyu mgeni wa muhula huu, akanijia akanivuta pembeni, sauti ya chini, ya heshima kabisa.

"Mama Kidawa, usinichukie. Leo kwenye michezo kavua mtandio nikamwona. Msugue mtoto shingo. Na kwapa. Wenzake washaanza kumsema."

Nami nikajibu, "Sawa mwalimu."

Sawa! Yaani miaka yote hii nimezunguka na huyu mtoto, Tanga Dar, Dar Tanga, ugonjwa ambao daktari mmoja alinambia wazi kwamba tangu asome hajawahi kumwona mtu mwenye nao, halafu naambiwa getini nimsugue nasema sawa, kama mtu aliyekumbushwa hela ya mtihani. Usiku nikawa najibu upya. Mwalimu, ule si uchafu, ni ngozi yenyewe imekuwa nene na nyeusi, usugue mpaka kesho haitoki. Maneno hayo tu, hata dakika hayafiki. Saa tisa usiku nimeyasema vizuri mno, dari limenisikia, mwalimu yuko kwake kalala.

Barua ya daktari iko ofisini kwao lakini imeandikwa kisukari basi, na mtu akisikia kisukari anajua ile ya bibi yake. Ya Kidawa ni nyingine, insulini (ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli) anayo, mwili wake unaitengeneza nyingi kuliko wangu na wako, ila kile kipokezi chake kwenye seli ndo kina hitilafu, kwa hiyo haifanyi kazi. Mtoto mwingine wa sukari hutumia insulini ya sindano kama uniti moja kwa kilo kwa siku au pungufu, huyu ana miaka minane na kilo kumi na tisa na bado kwa dozi yake duka la dawa waliniuliza mara mbili kama daktari hajazidisha sifuri. Na vidonge vya metfomini, vya kushusha sukari, juu yake. Wa zamani hapa mnakumbuka alipokuwa mdogo, ilikuwa akikaa bila kula sukari inashuka, nikawa namwamsha saa nane usiku anywe uji.

Jina la ugonjwa ni la madaktari wawili wa Marekani, Rabson na Mendenhall, walioandika mwaka 1956 habari za ndugu watatu wa tumbo moja. Watatu. Mimi kila nikikumbuka hilo namfikiria mama yao, maana kwetu ni mmoja na nimechoka hivi. Mimi na Baba Swaleh ni mtu na binamu yake, mnajua, kila mmoja kabeba nakala moja ya jeni yenye kasoro, haumwi wala hajui, mkikutana basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Swaleh kasalimika, Kidawa kaipata.

Mwalimu nimejaribu kumchukia Jumanne nzima nikashindwa. Kuna kitu sijawahi kukiandika hapa. Kabla hatujapata majibu, Kidawa hata miaka mitatu hajafika, mimi ndo nilikuwa namsugua. Kwa dodoki, kwa limau, siku moja kwa jiwe la kusugulia miguu, mpaka pakachubuka akalia akaning'ang'ania mkono, na mama mkwe kasimama mlangoni ananambia ongeza sabuni. Nikaongeza. Mwalimu aliposema "msugue", mkono uliniingia baridi pale pale, ndo nikasema sawa.

Basi Alhamisi usiku namsuka, zile nywele zake nyingi nzito zinazovunja chanuo (hizo nazo ni za ugonjwa, ila mimi nimezipenda toka siku ya kwanza), kanambia, "Mama, nisivue tena mtandio?"

Kumbe alisikia.

Nikaweka chanuo chini. Nikamwambia mwanangu, insulini inapiga hodi kwenye kila mlango mwilini, ifunguliwe ili sukari iingie. Milango yako haisikii vizuri. Basi mwili unapeleka nyingine, na nyingine, hodi zinakuwa makelele, mwenye nyumba hasikii lakini jirani anasikia. Ngozi ya shingo ndo jirani. Anadhani kaitwa yeye, ndo anaota mnene vile.

Kanyamaza kidogo. "Na kwapa?"

"Nalo linasikia."

"Kumbe shingo yangu si kiziwi," akacheka, yale meno yake yaliyosongamana yote yakaonekana, akainamisha kichwa nimalizie.

Toka jana asubuhi ana mchezo wake, anagonga shingo kwa kidole anasema hodi, anajijibu mwenyewe karibuu. Katikati ya kuvaa sare. Kanigeuzia na shingo nimpake mafuta ya nazi, mwenyewe, bila kuambiwa, akasimama katulia mpaka nikamaliza. Sijui niwaelezeje furaha niliyoipata pale.

Jumatatu nitawahi kabla ya kengele. Nimeshayaandika kwenye karatasi nisije nikasema sawa tena.

Upepo wa kusi nao umeanza. Ule mnazi wa mzee jirani umezidi kuinamia bati letu la jikoni, una nazi kavu kama saba hivi, nimemwendea mara mbili ananambia mkwezi kasafiri. Leo nimehamishia jiko barazani.