Sentensi Niliyoifuta Kuhusu Nestorius

Usiku huu nimefuta sentensi moja katika daftari langu la masomo ya Biblia. Ilisema: "Nestorius alifundisha Kristo wawili," yaani mmoja Mungu na mwingine mwanadamu. Niliiandika kwa wino mwekundu, nikaipigia na mstari, ilhali sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa maneno yake mwenyewe.

Yote niliyoyajua kumhusu askofu huyo wa Konstantinopoli yalitoka kwa waliompinga, hasa Cyril, askofu wa Aleksandria. Kaisari Theodosius II aliamuru mwaka 435 maandishi yake yachomwe, na utetezi alioutunga uhamishoni haukupatikana tena hadi mwishoni mwa karne ya 19, ukiwa katika tafsiri ya Kisiria. Ndani yake anakana kabisa kwamba alihubiri Wana wawili. Kumbe shtaka nililolinakili kama fundisho lake lilikuwa hitimisho ambalo wapinzani wake walilitoa katika maneno yake, na mambo hayo mawili hayalingani, hata kama hitimisho lenyewe linaweza kuwa la haki.

Shtaka lililonishughulisha zaidi ni lile la mtoto mchanga. Katika Mtaguso wa Efeso, mkutano wa maaskofu uliomhukumu, ilishuhudiwa kwamba alikataa kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili au mitatu. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Ukisikia "mtoto yule si Mungu", imani yote ya Krismasi imebomoka. Ukisikia "Uungu hauhesabiwi miezi", amesema jambo ambalo hata Cyril asingelipinga. Mwenye kumhukumu kwa haki hana budi kuuliza kwanza alikusudia lipi kati ya hayo.

Hata hivyo, sitaki huruma inipeleke upande wa pili. Aliposita kumwita Maria Mama wa Mungu, akipendelea Mama wa Kristo, aliwajeruhi waumini waliokuwa wakisali kwa jina hilo, na naona wakosoaji wake walikuwa na hoja nzito: ikiwa aliyezaliwa ni mmoja, naye ni Mungu, kwa nini jina hilo litiliwe shaka? Wala hakuwa mpole kwa wengine, kwani alipowekwa kuwa askofu mwaka 428 alimhimiza kaisari awaangamize wazushi.

Efeso nako palikuwa na kasoro. Kikao kilifunguliwa tarehe 22 Juni 431 kabla Yohane wa Antiokia na maaskofu wake, waliokuwa upande wa Nestorius, hawajafika, Nestorius akakataa kuhudhuria, na siku hiyohiyo akavuliwa uaskofu. Uharaka huo unanisikitisha sana, lakini hauyafanyi mafundisho yake kuwa sahihi. Kesi inaweza kuendeshwa vibaya na mshtakiwa bado akawa na kosa.

Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II na Patriaki Mar Dinkha IV wa Kanisa la Ashuru la Mashariki, kanisa linalomheshimu Nestorius, walitia saini tamko la pamoja juu ya Kristo, wakikubali kwamba majina yote mawili ya Maria yanaweza kuungama imani ileile. Nimelisoma mara mbili leo, polepole, nikiwaza ni miaka mingapi watu walitengana.

Mahali pa sentensi ile nimeandika kwa penseli: "Alikana Kristo wawili kwa kinywa chake. Kama maelezo yake yanatosha kumlinda Kristo mmoja, bado nasoma."