Jiwe la Milimita Tisa

Nilipita barazani Ngamiani, Tanga, kumuaga mjomba kabla ya kwenda Dar kutibiwa figo, nikijua nitachelewa basi. Akapandisha shati mbele ya wanywa kahawa wote. Kovu lilianzia karibu na uti wa mgongo, likazunguka ubavu hadi jirani na kitovu, refu kama mkia wa samaki taa.

“Mwaka 78 hiyo, waliponitoa jiwe la figo. Nenda tu mpwa wangu, utarudi na kovu kama hili.”

Siku nne kabla ya hapo maumivu yalinishika alfajiri, ubavu wa kushoto, yakashuka hadi kinenani. Nikasema ngiri, maana sisi wanaume wa Tanga kila kitu ni ngiri. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Mke wangu alinikuta natambaa ukumbini. Sindano ya diklofenaki ikanituliza, altrasaundi ikaonyesha figo imevimba kwa mkojo uliokosa pa kupita, nikapewa rufaa ya Dar.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Kipimo kilionyesha jiwe la milimita 9 limekwama chini kabisa, karibu na kibofu. Akageuza karatasi, akachora maharage mawili yenye mikia. Mawe madogo, chini ya milimita 5, mengi hutoka yenyewe. Mengine hupigwa mawimbi kutoka nje mpaka yapasuke. (Baadaye nilisoma kwamba mgonjwa wa kwanza kupigwa mawimbi hayo alikuwa Munich, mwaka 1980. Mjomba aliwahi miaka miwili tu.) Mengine hutobolewa tundu dogo mgongoni. Langu, akasema, ataingiza kamera nyembamba alifuate na kulivunja kwa leza.

“Unaingizia wapi, mama?”

“Kwenye njia ya mkojo, baba.”

Nikatazama feni. Kisha nikauliza tena habari za lile tundu la mgongoni.

“Hilo ni la mawe makubwa, ya kuzidi sentimita mbili. Lako halijafika huko.”

Niliona kama nimedharauliwa.

Upasuaji wenyewe siujui. Nilipigwa nusu kaputi, nikaamka bila hata mshono. Nilichokijua ni ule mpira mwembamba walioniachia ndani, kutoka figo hadi kibofu, njia isizibe kwa uvimbe. Wiki mbili nikae nao. Mkojo ukawa wa rangi ya rozela, na kila nikienda haja ndogo figo inachomwa mshale. Safari ya kurudi nilishuka Chalinze, Mkata, Segera, na kabla ya Muheza nikaomba tena. Konda akaniinamia, kwa sauti ya huruma iliyosikika hadi siti ya nyuma:

“Mzee wangu, una sukari?”

Barazani mjomba hakungoja hata salamu. “Tuone kovu.”

Nilitoa mfukoni kikaratasi nilichopewa, nikakikunjua. Chembe chache za kahawia, kama sukari guru iliyopondwa. Mjomba akazigusa kwa kidole, akazisogeza kwenye mwanga.

“Vumbi hili ndilo lililokutambaza?”

Akashusha shati lake vizuri, akamwita muuza kahawa.