Jezi ya Milia Mbele ya Mzee wa Torino

Jezi yenyewe niliinunua shilingi 200 kwenye rundo la mitumba sokoni Malindi, siku mbili kabla ya Alhamisi ya tarehe 8 Septemba 2011. Milia myeusi na myeupe, kola imechoka kidogo, nembo ya Juventus kifuani imebanduka upande mmoja. Muuzaji alitaka 350. Nikamwambia nataka kumfurahisha mzee wa watu, akacheka, akanipunguzia.

Mzee wa watu alikuwa Mtaliano. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpishi wake kwenye nyumba moja pembeni ya barabara ya Casuarina, na aliniombea kazi ya kusaidiasaidia: kufagia majani ya mwarobaini, kumwagilia maua, kuparua samaki, kutumwa dukani. Nilikuwa na miaka 19. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza mwaka uliotangulia, na pesa za chuo nyumbani zilizungumzwa kama mvua ya vuli, kwamba zitakuja tu. Malindi Mtaliano si mgeni. Wengine walianza kuja tangu enzi za kituo cha San Marco kule Ngomeni, kilikorushwa chombo cha Uhuru kwenda angani tarehe 12 Desemba 1970. Wengine walifuata jua na bahari, wakajenga. Mji nao ukajifunza lugha yao, hata muuza madafu akajua kukataa kupunguza bei kwa Kitaliano fasaha.

Mzee alitoka Turin, ambayo wenyewe huiita Torino. Jina hilo halikumtoka mdomoni. Kahawa ya Torino, baridi ya Torino, timu yangu Torino. Kwa hiyo niliposikia redioni kwamba Juventus ya Turin inafungua uwanja mpya Alhamisi ile, mimi nilijumlisha mambo nikapata jibu langu. Mzee ni wa Turin, Juventus ni ya Turin. Kuna hesabu rahisi zaidi ya hiyo?

Mjomba alinikuta naifua ile jezi kwenye karai nyuma ya jiko.

"Ya nani hiyo?"

"Ya kumfurahisha Mzee, Mjomba. Timu yake inafungua uwanja."

Akaitazama, akanitazama na mimi, kisha akarudi kwenye mbuzi kukuna nazi. Hakusema neno. Mpaka leo namdai ule ukimya wake.

Baada ya isha nikamwashia Mzee runinga sebuleni. Alikuwa na dishi la kunasa idhaa za kwao, ila halikuwa na kazi kubwa. Yeye jioni alipenda kukaa barazani na redio yake ndogo. Nikaenda kumwita. Nimevaa jezi, nimechomekea ndani ya suruali, nimebeba sinia la chai ya tangawizi kama mtu anayepeleka posa.

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Nini hii?" akauliza.

"Juve, Mzee! Timu yako."

"Mimi?" Akajigonga kifua kwa kidole. "Mimi hapana Juve. Mimi Toro! Toro!"

Jikoni nikasikia kitu kimeanguka. Ulikuwa mwiko. Mjomba alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

Ndivyo nilivyojua, nikiwa na sinia mkononi, kwamba mji ule una timu mbili, na iliyobeba jina la mji ni ile nyingine, Torino, inayovaa rangi ya zabibu iliyoiva, na kwamba mtu wa Torino ukimvisha milia myeusi na myeupe ni heri ungemtukana. Nilivua jezi palepale nikabaki na fulana ya ndani. Nilidhani ataniambia nizime. Lakini Mzee aliketi, akapokea chai, akasema, "Acha. Tunaona wamefanya nini pale."

Neno lile "pale" ndilo lililozaa maneno yote ya usiku ule.

Kwenye kioo uwanja ulikuwa unang'aa, umejaa hadi juu. Katikati ya nyasi wakaweka benchi, akaketi Giampiero Boniperti, mchezaji wao mkongwe wa zamani, na kando yake nahodha wao Alessandro Del Piero, kwa ajili ya ile hadithi ya wanafunzi walioianzisha klabu wakiwa wamekaa kwenye benchi la barabarani mwaka 1897. Watu wakasimama kupiga makofi. Mzee hakupiga, lakini kikombe hakukinyanyua mpaka walipoondoka. Mpinzani wao usiku huo alikuwa Notts County, klabu ndogo ya Uingereza. Nikauliza kwa nini klabu kubwa vile imwite mdogo vile. Mzee akanyoosha kidole kwenye jezi niliyoikunja kitini. Zamani Juventus walivaa waridi, akasema, rangi ya waridi kama kanga ya bibi harusi (hiyo kanga niliiongeza mimi nilipomhadithia mama). Mwaka 1903 wakaagiza jezi Uingereza, zikaja za milia za Notts County, wakazizoea. "Ona," akasema, "hata nguo yao mtumba."

Mjomba alipoingia na bakuli la korosho alikuwa amekwisha kunawa uso. Akasimama mlangoni kama anayepita tu. Hakupita.

Mzee akatueleza habari ya pale mahali. Uwanja ule mpya ulikuwa umesimama juu ya kaburi la mwingine ulioitwa Delle Alpi, huko Vallette, ukingoni mwa mji, ambako nyumba zinakwisha na barabara kubwa zinaanza. Kabla yake timu zote mbili zilichezea ndani ya mji, kwenye uwanja wa manispaa uliofunguliwa mwaka 1933. Watu walitoka kazini, wakanywa kitu, wakaingia. Lilipokuja Kombe la Dunia la mwaka 1990 wakubwa wakataka uwanja mkubwa zaidi, wakaujenga mbali, viti karibu 69,000, na kuzunguka nyasi wakatia njia ya kukimbilia wanariadha. Ndipo Paul Gascoigne wa Uingereza alipolia usiku ule wa nusu fainali na Ujerumani Magharibi. Mashindano yakaisha, wageni wakaenda zao, na timu mbili za Turin zikaambiwa: basi, hapa ndipo kwenu.

"Wanariadha wakaja?" Mjomba akauliza.

"Hapana! Hakuna mahali ya kupasha moto. Mashindano kubwa hapana kuja." Mzee alicheka kicheko cha uchungu. "Njia ya kukimbia, hapana mtu ya kukimbia. Sisi nakaa mbali, baridi, ukungu, napanda tramu saa nzima, halafu naona mchezaji kama sisimizi."

Kisha akatoa namba ambayo nadhani aliitunza moyoni kama wengine wanavyotunza tarehe ya harusi. Msimu wa 2001 kuingia 2002, Juventus, Juventus yenyewe, ilicheza na Sampdoria mechi ya Kombe la Italia pale Delle Alpi, wakaingia watazamaji 237. Mzee alihesabu kwa vidole mia mbili, thelathini, saba, akiwa na furaha isiyofichika, kisha furaha ikamwisha ghafla kwa sababu timu yake nayo ilichezea humohumo.

Mjomba akavuta kiti. Mpishi kukaa sebuleni na tajiri wake haikuwa desturi ya nyumba ile, lakini hakuna aliyelitaja.

"Mzee, hiyo ni Kasarani," akasema.

Mjomba aliishi Nairobi miaka ya themanini, Makongeni, akifanya vibarua eneo la viwanda. Jumapili walikwenda City Stadium kwa miguu. Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, watu wanamwagika kutoka kila upande, mtu hana hata nauli lakini mechi haimpiti, na asiye na tiketi anajua ukuta wa kuegemea. Mwaka 1987 likafunguliwa jumba la Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika, nje kabisa, viti 60,000, na njia ya wanariadha imezunguka vilevile. Mjomba alikwenda fainali ya soka, Harambee Stars na Misri. Tulifungwa 1-0. "Lakini mimi goli sikuliona," akasema. "Niliona watu upande wa pili wameshika vichwa, nikajua. Na kurudi, Mzee! Matatu zimejaa, tukatembea. Nilifika Makongeni watu wanakwenda kazini."

Kwa wanariadha ile njia ya Kasarani imefaa sana, lazima niseme, maana sisi tunao wakimbiaji. Mjomba hakutaka kulisikia hilo.

Luca Toni wa Juventus akafunga. Mzee akatoa sauti ya mtu aliyeuma pilipili mbuzi. Nami, labda kwa sababu wazee wote wawili walikuwa wamesema yao, nikajikuta nasema yangu.

Timu yetu ya mtaani, Kisumu Ndogo, ilikuwa imepoteza kiwanja miezi mitatu kabla. Asubuhi moja tulikuta nguzo na seng'enge. Mwenye karatasi amejitokeza. Tukahamia njia ya kwenda Ganda, kwenye eneo la wazi tulilopewa kwa hisani, nusu mchanga nusu visiki. Bodaboda shilingi 50 kwenda, 50 kurudi. Wiki ya kwanza tulifika wote. Wiki ya tatu golikipa hakuja. Alikuwa na kazi ya jioni kwenye kinyozi, na zamani alitoka kunyoa akaingia golini baada ya dakika mbili. Ila aliyeniuma zaidi ni mama aliyeuza viazi karai na mabuyu kando ya mstari wa kona. Kule Ganda hangeweza kubeba jiko na ndoo. Alijaribu mara moja, mjukuu wake amebeba karai kichwani, wakafika mapumziko yamekwisha. Hakuja tena. Nikienda kumsalimu aliniuliza, "Mlishinda?" na mimi nilisema ndiyo hata tukifungwa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe bado naenda?" akauliza.

"Mara mojamoja, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, na macho yake yakarudi kwenye runinga. Kamera ilikuwa inaonyesha mashabiki, mstari wa kwanza wanakaribia kumgusa mchezaji. Hawakuwa wamerudi mjini, wamekaa palepale Vallette. Klabu iliununua uwanja ule wa mbali kwa manispaa, ikaubomoa, ikajenga mdogo, viti kama 41,000, bila njia ya riadha. Na watu walikuwa wamekuja.

"Basi tatizo si umbali, Mzee," Mjomba akasema. "Ni kule kuwekwa mbali na mpira ukishafika."

Mzee akafikiri. "Umbali pia," akasema.

Wakabishana. Mjomba akisema mtu akiwa na chake atakifuata hata Garissa, Mzee akisema anayefuata ni mwenye gari, na mzee asiye na gari je? Dakika za mwisho Lee Hughes wa Notts County akasawazisha, 1-1, na Mzee, aliyekuwa katikati ya sentensi, akaruka kitini akapiga kelele hata paka akakimbia. Mechi ya kirafiki! Lakini alinikumbatia mimi, mtu niliyemletea jezi ya adui.

Tulipozima runinga akatuambia habari ya Filadelfia. Huo ndio ulikuwa uwanja wa Torino yake, wa mwaka 1926, katikati ya nyumba za watu. Akiwa mtoto baba yake alimpeleka kumwona nahodha wao Valentino Mazzola; tarumbeta likilia jukwaani, Mazzola anakunja mikono ya jezi, na mpinzani anajua yamemkuta. Kisha tarehe 4 Mei 1949 ndege iliyowarudisha kutoka Lisbon ikagonga kilima cha Superga, timu nzima ikaisha, watu 31. Mzee hakukaa sana hapo. Alikaa kwenye uwanja wenyewe, jinsi ulivyoachwa ukaota majani, na mwaka 1997 ukaja kubomolewa. Yeye alikwenda siku hizo akaokota kipande cha zege kutoka jukwaani, akakitia kwenye sanduku, kikaja naye Malindi.

"Kiko wapi, Mzee?" nikauliza.

"Huko nyuma. Mlango ya jiko."

Mimi na Mjomba hatukutazamana. Nyuma, kwenye mlango wa jiko, kulikuwa na bonge la zege la ukubwa wa nazi, ambalo kwa miezi minane nilikuwa nanolea kisu cha samaki kila asubuhi. Lilikuwa limeshapata bonde.

Nilimwambia. Sikuona njia nyingine. Mjomba alinikanyaga mguu, nimekwisha kusema. Mzee alinyamaza, akavaa ndala, akatoka nyuma na tochi. Tulimsikia akiliinua, akiligeuza, akiliweka. Akapita kwenda kulala bila kutuaga.

Asubuhi jiwe halikuwepo mlangoni. Lilikuwa mezani barazani, limeoshwa, kando ya kikombe chake cha kahawa, na Mzee amevaa miwani.

"Lete kisu," akasema.

Nikaleta. Akamwagia jiwe maji kidogo, akaweka kisu kwenye lile bonde nililolichimba, akaanza kunoa, polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayeandika. Alinoa robo saa. Akapitisha kidole kwenye makali, akaridhika, akanirudishia.

Jikoni Mjomba alijaribu kumpasua changu nacho. Kisu kilitelezea juu ya magamba kama kijiko. Akachungulia barazani, akageuza kikombe cha udongo kichwa chini, akakinoa upya kwenye kitako chake, taratibu, ili Mzee asisikie.