Sili mbili nilizobadilisha bure

Mwezi wa sita Njombe ukitoka nje alfajiri unaiona pumzi yako mwenyewe. Gari langu nalo lilikuwa linapumua, ila kwa mlango usio wake. Nilifungua boneti nipime oili nikakuta kile kijiti kimejinyanyua chenyewe karibu inchi nzima, na pembeni yake injini imelowa. Nikakirudisha, nikawasha, nikakanyaga mafuta kidogo. Kikanyanyuka tena mbele ya macho yangu.

Ni Land Rover Defender 110 ya 1997, injini ya 300Tdi. Kazi yake ni kubeba miche ya parachichi kutoka kitaluni kwenda kwa wakulima. Mara chache nafika Makete. Siku nyingi ni kilomita nne kwenda, nne kurudi, zima, washa. Huo uzima-washa ndio uliokuja kunigharimu, ingawa wakati huo sikujua.

Kabla ya kijiti kuanza vituko vyake nilikuwa nimeshatumia hela ya kutosha kwenye tatizo ambalo halikuwepo. Chini ya gari, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna tundu dogo la kutolea matone. Niliweka karatasi nyeupe usiku, asubuhi nikakuta tone jeusi. Nyeusi ni ya injini, maana giaboksi langu linatumia oili nyekundu. Fundi akasema sili ya nyuma ya krenki, yaani ule mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea nyuma. Hakukosea kuhusu mahali oili ilipotokea. Tukashusha giaboksi, siku mbili, sili mpya ikaingia. Wiki tatu baadaye tone likarudi. Fundi wa pili akaniambia ile ilikuwa feki, na kwa jinsi spea feki zilivyojaa nikamwamini. Giaboksi chini tena. Safari hii sili ilidumu mwezi, halafu ikaanza kuvuja nyuma, na gaketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, nayo ikaanza kutoa jasho. Nilipolalamika nikapewa ule utani wa gereji zote: Land Rover isiyovuja ujue haina oili. Tukacheka, nikalipa.

Mimi nami nilikuwa na ujinga wangu. Kwa kuwa inavuja, nilikuwa naijaza kupita alama ya juu, eti akiba. Oili ikizidi krenki huichapa, inageuka ukungu na povu, na huo ukungu wote unatafuta pa kutokea.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Makambako, ana kibanda tu, hana hata kibao. "Kamwene," nikamwamkia. "Kamwene, mwanangu." Hakuingia chini ya gari. Alilegeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akakiacha kimekaa tu juu ya tundu. Kifuniko kikacheza kama cha sufuria ya maharage, kisha kikaruka. "Gari hili limezibwa pua," akasema. "Umelibadilishia sili ngapi?"

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Ringi za pistoni hazizibi asilimia mia hata kwenye injini mpya, kwa hiyo gesi kidogo hupenya kila mara na kushukia upande wa krenki. Lazima itoke. Kwenye 300Tdi hutokea juu, kwenye kikopo cheusi kilichochomekwa kwenye tapeti kava, mafundi wanakiita breza. Humo matone ya oili yanatenganishwa na hewa, kisha hewa inapita kwenye hozi mpaka bomba la hewa safi kabla ya tabo (ile feni inayoisukumia injini hewa), ikaunguzwe. Kikopo kikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili popote palipo dhaifu. Ulimi wa sili umetengenezwa kuzuia oili, haujatengenezwa kushindana na presha.

Nilirudi nyumbani nikapima mwenyewe. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mita mbili, nikaukunja umbo la U kwenye ubao, nikatia maji, ncha moja nikaikaza kwenye bomba la kijiti. Injini ikiwa taratibu, maji upande mmoja yalipanda sentimita 9 juu ya upande wa pili. Nilipokanyaga yalinirukia usoni. Mke wangu alikuwa dirishani, hakusema kitu.

Nikakifungua kikopo. Ndani kulikuwa na ute wa njano mzito kama mayonezi, ndiyo kazi ya baridi na safari fupi: injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, maji yanachanganyika na oili. (Ukiuona ute huo angalia kwanza maji ya rejeta. Yakipungua, kesi yako ni gaketi ya silinda hedi. Yangu hayakupungua.) Kilichoniuma zaidi ni uzi wa silikoni nyekundu. Mtu aliwahi kuweka gundi ya gaketi badala ya oringi, ile pete ya mpira, kipande kikakatika na kulala kwenye mdomo wa hozi. Hozi yenyewe ilikuwa imelegea ndani na kujikunja.

Kikopo nikakilowesha kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikakikausha juani, oringi mpya, hozi mpya, oili nikaipunguza hadi alama. Nikapima tena: haikufika sentimita 2. Ingebaki juu, hapo ningeanza kuhofia ringi.

Kuna wanaokata hozi hiyo na kuielekeza chini, halafu tundu la kwenye bomba la hewa wanaliziba na kitambaa. Naomba usikubali. Tundu hilo liko nyuma ya filta. Kitambaa kikichomoka, vumbi la barabara zetu linaingia kwenye tabo moja kwa moja. Na ukiiacha breza ichafuke huku oili imezidi, injini inaweza kuivuta oili hiyo na kuanza kuiunguza kama dizeli. Hapo hata ukizima ufunguo haisikii.

Gaketi ya tapeti kava niliibadilisha, ilikuwa imekauka kama biskuti. Sili ya nyuma ni ileile ya pili, ile niliyoambiwa ndiyo orijino, na kwa miezi mitano tundu la chini ni kavu.

Leo asubuhi karatasi ilikuwa na tone moja, jekundu. Hilo ni la giaboksi. Litasubiri, nina miche mia tatu ya kupeleka Makete.