Namna ninavyomtunza chaza mkubwa kwenye tangi la nyumbani

Ninaishi Minnesota, Marekani, mbali kabisa na bahari, na sebuleni nina tangi la maji ya chumvi la lita 450 lenye matumbawe, samaki wachache na chaza mmoja mkubwa, Tridacna derasa. Ninaye kwa miaka kadhaa sasa na anazidi kukua. Wanaoanza ufugaji huu huniuliza hasa kuhusu taa. Taa ina umuhimu wake, lakini kwangu mimi kazi kubwa imekuwa kuyatuliza maji, yaani vipimo vyake visipande na kushuka.

Kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki wapo chaza wa jamii hii, maxima na squamosa. Derasa si wa kwetu, ni wa upande wa Pasifiki, na wa kwangu alizalishwa shambani Palau. Nilimtaka wa shambani makusudi. Biashara ya chaza hawa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa sababu wamevunwa sana baharini, na sioni raha ya kupamba sebule kwa kiumbe aliyebanduliwa kwenye mwamba wake. Isitoshe, derasa ni mvumilivu. Crocea, aina nyingine ya jamii hii, na maxima wana rangi za kuvutia zaidi, ila wanadai mwanga mkali na hawasamehe.

Sikumnunua mpaka tangi lilipopita mwaka mzima na vipimo vikatulia. Dukani nilipitisha mkono juu ya kila chaza ili kivuli kimwangukie. Mzima hujikunja papo hapo, kisha hufunuka tena taratibu. Anayechelewa kushtuka, au ambaye tundu lake la kuvutia maji limeachama wazi, nilimwacha. Nilitazama pia ukingo wa gamba: utepe mweupe, safi, unaonyesha kwamba bado anajenga. Mwisho nilimwomba muuzaji amgeuze nione chini, pale zinapotoka nyuzi anazojishikizia. Nyuzi hizo zikivutwa kwa nguvu, kiungo kinachozitoa huchanika, na chaza anaweza kufa siku chache baadaye huku juu akionekana hana tatizo. Zikatwe kwa wembe, karibu na jiwe, basi.

Nyumbani nilimweka juu ya kipande bapa cha jiwe, mchangani. Akijishika, unahamisha jiwe naye akiwa juu yake. Ndani ya nyama yake ya rangi mna mwani mdogo mno unaogeuza mwanga kuwa sukari, na hicho ndicho chakula chake kikuu. Kwa hiyo mwanga lazima uwepo wa kutosha, ila usimjie kwa ghafla. Nilipunguza taa za LED, kisha nikaziongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi kipimo cha PAR, yaani mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, kikafika karibu 200 pale alipo. Sijawahi kumnunulia chakula cha chupa. Samaki wanakula, wanachafua, naye ananyonya amonia na naitreti kutoka majini. Ndiyo maana sitafuti naitreti sifuri. Naiacha kwenye 5 ppm hivi (sehemu tano kwa milioni), na rangi yake inakolea.

Sasa maji yenyewe. Gamba ni kalsiamu kaboneti, na chaza anayekua huimaliza kwa kasi kuliko unavyodhani. Nashikilia kalsiamu karibu 420 ppm, magnesiamu karibu 1,300, na alkalini, yaani akiba ya kaboneti majini, kati ya 8 na 9 kwa kipimo chake cha dKH. Alkalini ndiyo ninayoipima mara nyingi kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoshuka kwanza. Pampu ndogo inadondosha dawa ya kurudishia madini hayo usiku na mchana, matone machache kila saa. Kumimina kikombe kizima mara moja kwa wiki kunafikisha kiwango kilekile kwenye karatasi, lakini maji yanakuwa yamepanda na kushuka, na hilo chaza halipendi hata kidogo. Majira ya baridi hapa yana mtihani wake: hita za nyumba zinakausha hewa, maji yanapungua, chumvi inabaki na kuzidi. Kifaa chenye kihisio kinarudishia maji yasiyo na chumvi muda wote, na hivyo kipimo cha chumvi (uzito wa maji yakilinganishwa na maji safi) kinabaki 1.025 au 1.026. Maji hayo nayachuja kwanza kwa mashine ya osmosisi, maana mabomba mengi ni ya shaba, na shaba ni sumu kwa chaza.

Adui wa kumwogopa hutoka usiku. Kuna vijikonokono vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vya familia ya Pyramidellidae. Mchana vimejificha mchangani au chini ya gamba. Taa zikizimwa kwa saa mbili hivi, vinapanda hadi ukingoni mwa gamba na kumfyonza. Nilipomleta, nilikuwa nakagua usiku kwa tochi, na kweli nikavikuta, vimejipanga karibu na lile tundu la nyuzi. Nilimtoa pamoja na jiwe lake, nikamweka kwenye ndoo yenye maji ya tangi, nikalisugua gamba zima kwa mswaki mpya. Nilikwangua pia mayai yao, vidonge vya ute vinavyoonekana kwa shida. Gamba la derasa ni laini, kazi inakuwa nyepesi. Squamosa mwenye magamba yaliyochomoza angenisumbua zaidi. Nilirudia kila baada ya siku chache hadi vikaisha kabisa, kwa kuwa mayai yanayosalia huanguliwa. Wakati wa kumrudisha majini, mwinamishe kidogo ili hewa iliyonaswa ndani itoke.

Samaki nao chagua kwa makini. Samaki-malaika wadogo wa jamii ya Centropyge hupenda kudonoa nyama ya chaza, na samaki-vipepeo vilevile, kwa hiyo kwangu hawaingii. Nina Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, ambaye hula vijikonokono vile anapovipata.

Baharini derasa hufikia sentimita 60, na wa kwangu ameanza kuwafunika matumbawe wa jirani. Tayari natafuta tangi refu na pana zaidi. Maji yake nitayaendesha kwa miezi kadhaa na kuyapima kwanza, kisha ndipo nimhamishe, yeye na jiwe lake.